Kitambaa cha Waridi

Langas, Eldoret

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mguu umepata nafuu na ng'ombe amezaa salama. Mimi na watoto tungali hai. Wangila yuko seli. Kaa chini kwanza, Mama, ndipo uendelee kusoma.

Unajua mume wangu hufanyia kazi yake nyumbani, kwa kompyuta. Siku za karibuni waifai, ule mtandao anaofanyia kazi, ilikuwa ikikatika kila mchana, mpaka waliompa kazi wakamwachisha. Fundi alikuja akasema laini ni nzima, labda kuna mtu anatuibia. Basi Wangila akamshuku Bilal, mtoto wa Shamsa wa mlango wa pili, kwa kuwa hushinda barazani na simu. Nilipomwambia kijana hununua bando zake za intaneti, alinizaba kofi la kung'oa jino.

Jumamosi ikakatika tena. Alichukua rungu la marehemu baba yake, akamburuta Bilal hadi sebuleni kwetu, akimtaka aonyeshe anavyoiba. Bilal aliapa kwa Mungu kwamba hata jina la waifai yetu halijui. Wangila alimpiga mkono, nikasikia mfupa ukivunjika, kisha akampiga kichwani. Damu iliruka hadi kwenye kabati. Majirani waliposikia neno mwizi hawakuuliza, wakamwongezea mateke, watu wale wale wanaokunywa chai ya Shamsa! Ni polisi waliomwokoa. Mpaka leo hajafungua macho.

Sasa sikia, Mama. Nikipangusa kabati, niliona kimelowa damu kile kitambaa cha waridi ulichonifumia, ambacho nilifunikia kisanduku cha waifai, kama ulivyotufundisha kufunika redio, tivii na makochi. Nilipokiinua, kisanduku kilikuwa moto kama sufuria, nikaungua vidole. Kitambaa nilikiloweka, sikukirudisha. Tangu hapo waifai haijakatika hata mara moja. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Wapangaji wote wa ploti wameapa kusimama na Wangila, waseme Bilal ni mwizi. Mimi siwezi. Kesho naenda kwa Shamsa pale hospitali nimwambie mwanawe si mwizi, kisha niende polisi. Wangila akitoka ataniua, namjua. Naogopa sana. Watoto nitawapakia gari wafike kwako kabla ya jua kuzama, uwapokee.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani, na Mungu akulinde. Na kile cha buluu ulichoanza kunifumia, Mama, kifumue.

Ni mimi bintiyo,
Kavetsa