Kioo Cheusi cha Simu ya Winny

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nyumbani hatujambo. Oketch mzee wangu mzima, mgongo tu. Mwanangu Byron yuko shule, anakohoa. Mama mkwe Apiyo amekula vizuri, amelalamika vizuri pia. Kuku wazima. Mimi mzima. Niliacha shule darasa la nne, mwanzo mwingine wa kuandika hatukufundishwa.

Sasa Winny, binti yangu. Haoni tangu azaliwe, na leo ameamua simu pia isimwone. Anaishika imempa kisogo, kioo kinatazama ukuta, vidole sita vinakidonoa kama kuku kwenye mtama. Eti ni Braille, zile nukta za shule yao, sasa zimeingia kwa simu. Na ile sauti inayomsomea — mbio hata malaika hashiki neno.

Alhamisi wanamjaribu kazi Bondo. Kampuni ya vifaranga vya samaki, kujibu wateja kwa maandishi. Asiyeona samaki auze samaki. Nimecheka. Halafu chai ikanishinda.

Jumanne, 9 Septemba

Nimechungulia akiandika. Kioo cheusi tititi! Maskini, anaandikia maiti na hakuna wa kumwambia. Alipoenda kusukwa kwa Debra, jirani yetu, aliiacha kwa chaji. Nikaipeleka kwa fundi Owiti, akaweka kioo kipya. Kinawaka kama kanisa la Krismasi. Sijamwambia Winny. Mama hatangazi wema.

Jumatano, 10 Septemba

Winny anadonoa, sauti inasoma takataka. Asubuhi nzima. Nikamwambia, si nilisema, nukta ni za karatasi.

“Jana ilikuwa sawa, Mama. Ni vidole vyangu. Woga umeviingia.”

Akaanza kuvikanda kwa maji moto. Mimi nikachukua leso, mbio kwa Owiti.

“Kwani shida gani, Mama Winny? Si rangi ziko?”

Binti yangu ana kazi gani na rangi? Akakuna kichwa. Eti kioo cha bei yangu hushika vidole viwili tu kwa mpigo. Herufi za Winny zinataka vitatu, vinne. Na kile cha zamani kilikuwa kizima, mwanga tu umezimwa, akauwasha — wasioona huzima mwanga makusudi, wambea wasichungulie. Wambea! Kiko wapi kile cha zamani? Amemwekea mteja wa Pap Onditi. Fundi gani huyu. Na mimi niliyempelekea, mama gani.

Alhamisi, 11 Septemba

Ametoka alfajiri na Debra. Nimemfunga kitambaa, nimemwombea. Kusema ya kioo, mdomo ukakataa. Huu mdomo wa kucheka watu.

Majaribio saa nne. Napiga, hashiki. Nimeandika mwenyewe kwa kabambe yangu, simu ya vibonyezo, herufi moja moja: *Si vidole vyako. Ni kioo. Nilibadilisha mimi. Omba simu ingine.* Imeenda. Ile sauti itanisoma mbele ya hao mabosi wote. Wacha isome, na mbio zake.

Saa nne imepita. Hajajibu. Oketch anadai uji, asubiri.

Winny, nyathina, mwanangu, nijibu upesi. Hata kama ni takataka.