Majani Chai Haina Kucha

Kibet mjukuu wangu,

Chamgei, salamu nyingi. Huku Boito mvua imerudi, na ile ng'ombe nyeupe imezaa.

Umeniuliza kama polisi watakucheka ukisema mke wako anakuchapa, na kama utapoteza watoto.

Kabla sijamuoa nyanya yako, niliishi na mke aliyenipiga. Nilichuna chai nikiwa na sweta, jua likiwaka. Siku moja, pale kwa mizani, mkono wa sweta ukapanda, alama zikaonekana. Nikasema nimekwaruzwa na majani. Karani, mama mmoja Mkisii, akanitazama.

"Kijana, majani chai haina kucha."

Alinipeleka dispensari, kisha kwa chifu. Wazee wawili walicheka pale. Chifu hakucheka, aliandika. Huyo mmoja alinitosha.

Siku hizi njia ni wazi. Anza hospitali, waandike majeraha yako. Peleka karatasi polisi, kwa dawati la jinsia; ni la wanaume pia. Kuhusu watoto, muone afisa wa watoto, na uulizie wakili wa bure. Usimrudishie kofi hata moja.

Jumatatu nakuja Soin, twende pamoja. Vaa shati ya mikono mifupi.

Babu yako