Wakili Anayetaka Kuugua Jumamosi

Mpendwa Bi Ziada, naomba msaada, na naomba haraka maana Jumamosi haiko mbali na mimi nimekwisha. Mimi ni wakili, mtu wa mashariki ya Kongo, naishi Alby na mke wangu Médiatrice, na tangu waasi wauteke mji wetu nimesema wazi kwamba nchi ni moja na kiapo nilichoapa nyumbani hakikuwa cha msimu, lakini wenzetu wengi hapa Stockholm wamewageukia waasi, wengine kwa kupenda na wengine kwa woga, na sasa mjumbe wao anakuja Hallunda, mtaa wa jirani, nami natakiwa nimkaribishe ukumbini kwa niaba ya wote, kwa sababu miaka yote mgeni mkubwa akija mimi ndiye ninayesimama kumpokea. Mdogo wangu Évariste, aliyebaki kule mjini kwetu, anawafanyia kazi waasi hao, na mama yetu anakaa kwake, na jana alinipigia mimi kaka yake akasema, "Yaya, ukikatala, miye na mama tutajibu nini? Huku habachekake na mutu," akakata simu, na Médiatrice naye, ambaye kaka yake aliuawa siku mji ulipotekwa, anasema nikimsifu yule mtu atatoka ukumbini mbele ya watu wote. Nimeonelea nijifanye mgonjwa siku hiyo nilale nyumbani, nisiwe nimekataa wala kukubali. Je, hapo nitakuwa nimemwokoa mama?
Wakili, Alby

Wakili, pole sana. Aliyekuweka kati ya mama yako na nchi yako ana dhambi.

Lakini ugonjwa, baba? Umekaa Alby miaka yote hii na hujawajua watu wetu? Mgonjwa kwetu haachwi peke yake. Watakuja na masufuria ya supu, viatu vitajaa mlangoni, na atakayetangulizwa chumbani kukupa pole ni huyo huyo mjumbe. Atakaa kitandani kwako akushike mkono, na simu zitapiga picha. Médiatrice naye atoke aende wapi, na nyumba ni yake? Njia ya mwongo ni fupi.

Leo hii waambie wazee wa Hallunda watafute msemaji mwingine. Usitoe hotuba wala sababu, sema tu hutamkaribisha. Ila kabla ya hapo mpigie Évariste, umwambie kama ana jina kwa wakubwa wake wapya, alitumie kumvusha mama mpaka wa nchi, aende kwa ndugu walio ng'ambo. Yeye ndiye mtoto aliye karibu, asikutwishe wewe mzigo wake.

Kisha mwambie ampe mama simu. Umeniandikia anachotaka mdogo wako, anachotaka mkeo na wanachotaka watu wa Hallunda, lakini anachotaka mama hujakiandika popote. Muulize. Akikwambia havuki, na usithubutu kumkaribisha mtu huyo kwa ajili yake, utamtii. Naona hilo ndilo jibu unaloliogopa.