Msomaji Haonekani

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umepunguza ukali tangu uachane na kile kiti kisicho na egemeo. Shangazi hajambo? Na cherehani mpya, mmezoeana au bado mnagombana? Huku mimi sijambo kwa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kuandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia, tungeishia kuulizana kama mvua imenyesha. Nakuomba usimpe Shangazi akusomee barua hii. Vaa miwani uisome mwenyewe.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unauliza kwa nini Dada ameikosa ile nafasi ya filamu, wakati ilikuwa imebaki hatua moja tu iwe yake. Unaniomba pia nikae naye tena mwezi ujao kwenye usaili mwingine, nimsomee vizuri kama zamani. Nitakujibu yote mawili. Ila kuna jambo nataka kulijua kutoka kwako, na jibu lako ndilo litakaloniambia kama nije nyumbani mwisho wa mwaka au nibaki huku huku.

Wewe ni fundi, na fundi hupenda kujua wenzake wanafanyaje kazi, kwa hiyo nikueleze kidogo. Dada alipokuwa mwanamitindo tu, wakala wake alikuwa anampeleka kwa wateja na kadi: mbele picha, nyuma urefu, kifua, kiuno, nyonga na namba ya kiatu. Ni kama lile daftari lako la vipimo, tofauti ni kwamba lako unalifungia kwenye droo na la kwao linagawiwa mtaani. Alipoingia kwenye uigizaji, maneno yakazidi. Wakikutaka lakini hawajaamua, wanasema siku zako zimeshikwa, na huruhusiwi kuziahidi kwa mwingine. Wakibadili mawazo, wanasema wamekuachia. Dada amenifundisha hayo yote wakati anapaka rangi kucha, tena kwa ukali wa mwalimu wa hesabu.

Siku hizi mwigizaji haitwi moja kwa moja. Kwanza anajirekodi nyumbani. Anaanza na utambulisho: anasimama mbele ya kamera, anataja jina, urefu na namba ya simu, anageuka kushoto, anageuka kulia. Kisha anaigiza. Maneno ya mhusika wa pili yanasomwa na mtu aliyekaa kando ya kamera, naye ndiye anayeitwa msomaji. Msomaji ana miiko yake. Sauti yake isimfunike mwigizaji, na asionekane hata kidole. Kazi hiyo niliiona kama imekatwa kwa vipimo vyangu. Jicho langu la kushoto, ambalo tangu utotoni lina safari zake, halikumsumbua mtu yeyote. Nilikuwa nikitoka kazini, nikishapokea simu za wateja wa maji kutwa nzima, navua viatu, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na kamera, namsomea Dada. Nimekuwa mume wake, polisi, daktari, na safari moja mbwa. Nilibweka vizuri, wewe muulize.

Basi mwezi uliopita Dada aliitwa ana kwa ana kwa ajili ya hiyo filamu. Nilimsindikiza kumbebea viatu. Ilikuwa korido ndefu yenye wanawake kama arobaini, kila mmoja na namba kifuani, wote midomo inacheza kwa kukariri, utadhani wanasali. Mimi nilikuwa na kiu, nikamuuliza mlinzi maji ya kunywa yako wapi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na makaratasi akasimama ghafla. Akaniomba niseme tena nilichosema. Nikasema tena, nikidhani nimevunja sheria. Akanitazama, akacheka peke yake, akasema kumbe ni mimi, ile sauti ya kwenye video.

Huyo mama ndiye anayechagua waigizaji, wenzake wanamwita Mama Mteuzi. Aliniambia kwamba miaka miwili iliyopita Dada alituma video ya usaili wa ile tamthilia ya mahakama, nami nilikuwa namsomea maneno ya mwanasheria. Dada hakuwafaa. Lakini chumba kizima kilinyamaza kumsikiliza msomaji. Wakarudisha video nyuma mara tatu, wakijaribu kuona hata kivuli changu. Wakapiga simu kunitafuta, nafasi ya mwanasheria ikiwa bado wazi. Wakajibiwa kwamba msomaji hataki. Nilimwambia sijawahi kutaka wala kukataa, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nikamgeuzia na jicho langu makusudi, nimwone atakavyofanya. Akasema mwanasheria anayemtazama shahidi asijue anatazamwa wapi, huyo angemlipia nauli kutoka popote.

Baba, sikunywa tena yale maji. Nilirudi nikaketi karibu na Dada, nikamshikia viatu, na moyoni nikawa namhukumu. Nani mwingine angejibu ile simu? Video ilikuwa yake, fomu alijaza yeye, na anayenyimwa nafasi ndiye mwenye sababu ya kumzibia mwenzake. Niliyakumbuka mazuri yote niliyomfanyia, nikayahesabu kama mtu aliyeibiwa kuku. Nikasema kweli kikulacho ki nguoni mwako. Na sikumuuliza. Nikanuna ndani kwa ndani, nje nikacheka naye.

Wiki iliyofuata wakala alipiga simu kwa furaha: siku za Dada zimeshikwa, wamebaki wawili, watume onyesho moja la mwisho. Onyesho lenyewe ni la binti anayegonga mlango wa mama yake aliyemkana. Mama yuko ndani, haonekani. Binti anamsihi afungue, na mama anajibu kwamba hamjui. Hapo ndipo binti anapaswa kuvunjika. Maneno ya mama ni ya msomaji.

Sasa naungama, Baba, na Dada nimeshamuungamia. Nilimsomea vibaya kwa makusudi. Niliyasema yale maneno kama ninavyomsomea mteja namba za mita. Mwigizaji hula kutoka mkononi mwa msomaji, mimi nikampa mkono mtupu. Alirudia mara tisa. Alijifinya paja, akafumba macho, akaomba dakika moja, akarudi. Mara mbili aliniuliza kama naumwa, nikasema nimechoka tu. Akanionea huruma, akanichemshia chai. Video ya tisa ndiyo waliyoituma. Siku tatu baadaye wakamwachia, wakasema ni mzuri lakini macho yake makavu. Alipolia kwa kuikosa, alilia machozi kweli kweli, nami nilikuwa jikoni naosha vikombe na kuona raha. Ndiyo jibu la swali lako la kwanza.

Raha hiyo haikumaliza wiki. Barua yako ilipofika nikashindwa kuvumilia, nikamwendea Dada nikamtupia yote: simu ya miaka miwili iliyopita, uongo wake, wivu wake. Alinitazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya ng'ambo. Hakujitetea. Alifungua kompyuta yake, akaitafuta video ile ya mwanasheria, akaiwasha kuanzia kwenye utambulisho. Nikamsikia akitaja jina, urefu, kisha namba ya simu. Haikuwa yake. Mwezi ule simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la nguo, akawa anatumia namba ya mtu ambaye simu yake haizimwi, iko mezani karibu na mkasi kuanzia asubuhi.

Ilikuwa namba yako, Baba.

Sikutaka kukuhukumu kama nilivyomhukumu Dada, hasira hasara, na hasara yake nimeshaiona. Nikampigia Mama Mteuzi, nikamwomba aniambie hasa alijibiwa nini. Huyo mama huandika kila simu kwenye daftari. Aliona aibu kunisomea, nikambembeleza. Alikuwa ameandika kwamba ameongea na baba mzazi, mtu mpole sana, na baba amesema msomaji ana kasoro ya jicho, si wa kuonyeshwa watu, na hata huyo binti mwenyewe asingependa. Akashauri wamfikirie mkubwa, ambaye Mungu kamkamilisha.

Nilimshukuru, nikakata simu, nikaendelea kupokea za wateja wa maji mpaka saa ya kutoka. Kazi hii ulinitafutia wewe. Ulisema itanifaa, na mimi nilidhani unamaanisha sauti.

Kinachoniuma zaidi ni zile Jumamosi. Tamthilia ile tuliitazama pamoja, wewe na mimi, karibu mwaka mzima, kila nilipokuja kukutembelea. Nilikuwa nikimcheka yule mwanasheria, nikisema anauliza maswali kama anatafuna karanga, nikiyarudia maneno yake nikuonyeshe yangesemwaje. Safari moja uliinuka ukasema unaenda kuangalia pasi. Pasi ilikuwa haijawashwa, umeme wa karakana ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilidhani uzee.

Najua utasema ulinikinga. Unakumbuka nilivyorudi shuleni nimechaniwa sare kwa sababu ya jicho hili, ukaishona usiku huo huo bila kuniuliza ni nani. Sikatai. Maisha yako yote umeshona kwa kuficha: bega lililoshuka unaliwekea sponji, mguu mfupi unaushushia pindo, na mteja anatoka akijiona yuko sawa. Lakini mteja huja mwenyewe kuomba, Baba. Mimi sikuja kupimwa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na duniani kote mtu mmoja tu ndiye niliyeamini kwamba halioni jicho langu. Kumbe ndiye aliyekuwa akiliona kuliko wote.

Ombi lako la pili jibu lake ni hapana. Sitamsomea Dada tena, na hata kama ningetaka, yeye hataki. Tunaishi chumba kimoja tukizungumzia funguo tu. Nilipomwambia nilichofanya kwenye ile video, aliingia bafuni, akakaa sana, akatoka ameshaosha uso. Alisema kitu kimoja, kwamba ningemuuliza tu. Nafasi ile ya mwanasheria hakuwa ameiomba yeye, angegombania nini. Usimwandikie kunitetea. Hilo ni deni langu na yeye.

Mama Mteuzi ameniita Alhamisi. Hajaniahidi chochote. Kuna nafasi ya karani wa posta, maneno matatu, na wako wengi wanaoitaka. Aliniagiza nije na picha ya uso, iliyopigwa mbele. Nikapekua albamu yote niliyotoka nayo nyumbani, Baba, na sikuipata. Ya kumaliza shule, ya harusi ya binamu, ile tuliyopiga sote karakana ilipofunguliwa, zote nimegeukia kushoto. Nikakumbuka kidole chako chini ya kidevu changu, unanigeuza taratibu, ukiniambia huo ndio upande wangu mzuri. Nilikuwa naipenda sana ile sekunde ya kushikwa kidevu.

Nikaenda kwa mpiga picha wa karibu na kazini. Naye aliuliza upande wangu mzuri ni upi. Nikatazama mbele.

Ndani ya bahasha utaikuta nakala moja. Kwenye karakana, pembeni ya kioo cha wateja, umebandika picha nane za Dada, nimezihesabu mara nyingi wakati nakusubiri ufunge. Naomba hii uibandike hapo, kwenye usawa wa macho, ambapo mtu anayejitazama kwenye kioo hawezi kuikwepa. Ukiweza, niandikie hata mstari mmoja, nami mwisho wa mwaka nitakuja, tutasemezana mengine tukiwa tumekaa. Ukiona huwezi, usiiweke kwenye droo. Irudishe kwa posta bila neno, nitaelewa.

Msalimie Shangazi, mwambie namshukuru kwa shuka. Wasalimie na mafundi wenzako, na yule wa vifungo anayeniita Redio. Dada hajakutumia salamu, lakini nilipokuwa naandaa bahasha alikuja akaitazama ile picha, akaigeuza aone kama mpiga picha ameandika jina langu nyuma. Hakuwa ameliandika. Akachukua kalamu akaliandika yeye, akaenda zake.

Nakutakia afya njema na macho mazuri ya kusomea.

Ni mimi binti yako mdogo,
ninayekupenda na kukukasirikia kwa pamoja.