Pima Sitini za Babu

Mwankoko, 6 Februari 2023

Mwanangu Dorkas,

Hujambo mama? Kazi za Tabora zinaendeleaje? Sisi tu wazima, ila masikio yangu hayasikii simu tena, ndiyo maana barua hii nimempa Bonifasi wa basi. Mvua imegoma, alizeti imedumaa.

Nina shida inayohusu kazi yako ya upimaji. Wapimaji wanakuja kuweka mawe ya mipaka, na mimi na baba yako mdogo Antipasi hatuelewani. Karatasi ya babu yako ya mwaka 1969, alipotugawia shamba, inasema sehemu yangu inaanzia kwenye jiwe la barabarani na kwenda “pima sitini” kuelekea kwake. Wapimaji wanataka mita. Pima moja ni mita ngapi kitabuni? Niandikie, uweke na cheo chako.

Baba yako,
Hosea

Tabora, 15 Februari 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Pole na masikio.

Hesabu si ngumu. Pima ni mikono minne, yaani futi sita, sawa na mita 1.83. Kwa hiyo pima sitini ni mita 109.8. Karatasi yenye sahihi na cheo changu nimeiambatanisha. Mpe baba mdogo naye aisome, yaishe kwa amani. Msalimie sana.

Mwanao,
Dorkas

Mwankoko, 2 Aprili 2023

Mwanangu Dorkas,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo. Mimi mgongo tu.

Baraza lilikaa Jumanne ya kwanza ya mwezi uliopita. Niliwapa karatasi yako, wakaisoma kwa sauti. Antipasi akasimama, akasema, “Wazee, mnamkumbuka marehemu baba. Alikuwa mfupi, bega lake liliishia hapa kifuani kwangu. Pima ni mikono ya mtu ikinyooshwa; yake itakuwaje futi sita?” Mwenyekiti akamuuliza, “Una maandishi?” Akajibu, “Sina. Mwaka ule nilikuwa shuleni Manyoni.” Akaulizwa tena kama anampinga mtoto wa kaka yake aliyesomea upimaji. Akakaa chini.

Mpaka umewekwa mita 109.8. Kaburi la mama yako mdogo Loyce, mkewe Antipasi, limeangukia upande wetu. Sijamkataza mtu kulizuru. Lakini wiki iliyopita Antipasi alifunga virago, akaenda kwa mwanawe Chediel kule Mitundu. Hakuniaga.

Baba yako,
Hosea

Tabora, 20 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Nilifika salama. Asante kwa mtama na kwa kuku.

Kuna jambo nilishindwa kukuambia ana kwa ana likizoni. Siku ile ulipokwenda kanisani nilichukua futi kamba yangu nikaenda shamba la juu. Karatasi ya babu inasema kule, kutoka jiwe hadi jiwe, ni pima arobaini. Mawe yale hakuna aliyewahi kuyabishia. Nilipima mara tatu. Ni mita 64, baba. Kwa hiyo pima ya babu ilikuwa mita 1.60, si 1.83, na sitini zake ni mita 96.

Tumemnyang'anya baba mdogo karibu mita kumi na nne, pamoja na kaburi la mkewe. Mimi ndiye niliyeandika. Nilitakiwa kuuliza pima ni ya nani kabla ya kufungua kitabu. Silali vizuri. Nimeandika karatasi nyingine, hii hapa. Nakuomba umpelekee mwenyewe.

Mwanao,
Dorkas

Mwankoko, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Dorkas,

Hujambo mama? Nisamehe kwa kukaa kimya wiki saba. Kila nilipoanza kukujibu nilichana karatasi.

Usijilaumu. Nilijua. Mwaka ule kamba ya kupimia niliishika mimi. Babu yako alinyoosha mikono, nikaikata kwenye ncha za vidole vyake, na ilikuwa fupi kuliko mikono yangu mwenyewe. Nilikuuliza kitabu kinasema nini kwa sababu nilijua kitasema nini. Antipasi alipokuwa akisema pale barazani, mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Jumatano nilipanda gari la Mitundu na karatasi yako mfukoni. Nilimkuta Chediel uani, kichwa kimenyolewa. Nikauliza, “Baba yako yuko wapi?” Akasema, “Tumemzika Jumapili, baba mkubwa.” Ilikuwa homa ya siku nne. Nikamuuliza kwa nini hawakutuita, na kwa nini hawakumleta alale karibu na Loyce. Akanijibu kwa adabu tu: “Baba alikataa. Alisema asipelekwe Mwankoko akalale kwenye shamba la watu.”

Nilimpa karatasi, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Akamwambia mkewe aniletee chakula.

Nimekwenda barazani, nimesema kweli mbele ya wote, na wapimaji watarudi kuhamisha mawe. Chediel hajasema kama atakuja kulima.

Siku ile, kabla ya kuondoka Mitundu, nilikwenda kaburini kwa Antipasi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilitaka kumsemesha, nikaona hata salamu sijui nianzie wapi. Nilisimama hapo mpaka gari likapiga honi.

Baba yako