Moyo wa Specioza Umeonekana

Mishamo,
14 Machi

Kaka yangu Damiano,

Natumaini nyie wote hamjambo, wewe na wifi Verdiana, na kwamba kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi tu wazima, na maharage yamekubali.

Kaka, ile saa ya kupima mapigo ya moyo uliyoivua mkononi mwako ukampa mpwa wako Specioza imefanya kazi. Mkanda ulimpwaya, nikautoboa matundu mengine kwa msumari wa moto. Nesi Selestine alituonya kwamba hiyo ni saa ya watu wazima wala si daktari, na ikinyamaza isitufanye tulale usingizi. Lakini alisema inaweza kunasa kinachotokea kabla hatujafika zahanati. Maana kila tulipompeleka kwa baiskeli, tulifika moyo umeshatulia, vipimo safi.

Mwezi jana tulikuwa tunapukuchua mahindi. Specioza akaacha ghafla, akasema, "Mama, moyo umeanza kukimbia." Saa ilionyesha mapigo mia mbili kumi na nne. Akaweka kidole pembeni mwa saa kama alivyofundishwa, ikachora mistari ya mapigo. Nikaituma kwa simu kwa Selestine, tukapanda pikipiki. Tulipofika moyo ulikuwa umetulia kama kawaida yake, ila safari hii jibu lilitutangulia: daktari wa moyo wa watoto aliyeko Mwanza alishaiona ile michoro, akaagiza twende Mpanda kwa vipimo kamili.

Vipimo vilikubaliana na saa. Ni ugonjwa kweli, na una dawa. Anameza asubuhi na jioni, na amefundishwa kukaza tumbo na kusukuma pumzi moyo ukianza. Tangu hapo umeanza mara moja tu, akautuliza mwenyewe. Shuleni anacheza rede.

Kuna jambo nilikuficha. Juma moja kabla hujaja na ile saa, alikaa chini shambani ameshika kifua. Nikamwita mwongo na mvivu, nikamchapa fimbo mbele ya wenzake, na moyo wake ukienda mbio vile. Jana nilimpigia magoti kumwomba msamaha. Akaniuliza kama siku nyingine akisema anaumwa nitamwamini hata akiwa hajavaa saa.

Nimemwahidi, Kaka. Nawe uwe shahidi wangu.

Tusalimie wote wa hapo nyumbani. Specioza anakuamkia shikamoo.

Mdogo wako,
Goreth