Volan ya Upande wa Kushoto

Kolwezi, tarehe 6 mwezi wa 11, 2023

Kwa Baba yangu mupendwa,

Asalaam aleikum. Uko namna gani na afya? Na mama Latifa, magoti inamuacha alale? Huku mi niko muzima, Alhamdulillah. Mvua imeanza, na barabara ya Mutoshi imekuwa supu.

Naandika kwa karatasi juu mama amekataza tuongee kwa simu. Anasema kila tukiongea tunagombana, na kila tukigombana tension ya damu yako inapanda. Basi Ntumba, convoyeur mwenye kukusanya nauli kwa bisi, atakupa hii barua mukononi.

Baba, ile mukono yangu ya kushoto, yenye kamba ya chuma ilisagia kwenye ndoano siku ile gari ilikwama, dokta amesema itabaki vile iko. Bidole haifungi. Inaweza kubeba sahani, haiwezi kukamata kitu kwa nguvu. Hiyo nimeikubali, nimelia nimemaliza. Kitu sikubali ni Gael. Nilimupa gari yangu ya kubebea bidhaa ya wateja aendeshe mpaka nipone. Amechoma embrayage, ile klachi, kila Jumamosi anabeba maharusi ya batu wake, na akirudi anasema mafuta imevuja. Imevuja wapi, hasemi.

Nataka kuendesha mi mwenyewe. Lakini Land Cruiser yetu iliingia mupaka wa Kasumbalesa na volan, usukani wake, iko kuume. Kwa gari ya volan ya kuume, vitesi, yaani gia, inabadilishwa na mukono ya kushoto, na ndiyo mukono imenikufia. Volan ikihamia kushoto, mukono ya kuume itafanya kazi zote mbili. Wewe ulihamisha mavolan ya batu mingi kwa garaji yako. Niambie inafanyika namna gani na nitafute nini.

Mutoto wako,
Nafisa


Lubumbashi, 15/11/2023

Binti yangu Nafisa,

Waleikum salaam. Sisi wazima. Mama yako anakusalimia sana. Magoti yanamusumbua jioni, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Jibu langu ni hapana.

Nimeliandika peke yake ili ulione vizuri. Nimekuwa kwenye magari tangu sijamuoa mama yako, na ninajua kwa nini Mungu alimupa mutu mikono miwili. Wakati unabadilisha vitesi, ni nani atashika volan? Niandikie jina lake. Uza ile gari, rudi nyumbani. Duka la shangazi yako linatafuta mutu wa kukaa.

Na usifikiri kuhamisha volan ni kama kuhamisha kiti. Mupumbavu anayetaka kuanza kazi ile lazima kwanza apate boîte ya direction, ile inayopokea nguvu ya volan na kugeuza magurudumu. Aipate nzima, kutoka kwenye gari iliyozaliwa na volan ya kushoto. Asichukue ya kuume akadanganyika itafanya. Halafu ahamishe pedali zote tatu na bomba la freni, akate dashibodi, na asisahau vifuta vya kioo, kwa sababu vinafuta upande wa dereva wa zamani. Kwenye volan afunge kifundo cha kushika, kama kile cha trakta, ili mukono mumoja uzungushe bila kuachia.

Nimeeleza haya yote ili uone ugumu wake. Usifanye.

Baba yako,
Abibu


Kolwezi, tarehe 10 mwezi wa 12, 2023

Kwa Baba,

Asalaam aleikum. Natumaini barua inawakuta na afya muzuri. Mama nimemusikia kwa simu, amesema unakula chumvi kwa kujificha.

Asante sana kwa maelezo. Nimeifuata moja kwa moja.

Jina la mwenye atashika volan wakati nabadilisha vitesi ni goti yangu.

Boîte ya direction nimeipata Kasulo, kwa mutu anauzisha bipande bya magari ya kufa. Ameapa ilitoka kwa gari ya volan ya kushoto. Lukusa, fundi wa kuchomelea, tayari amehamisha pedali na freni. Shida ni ule muchuma wa kushuka kutoka volan mpaka kwa boîte, ni mufupi. Lukusa anataka kuukata na kuunga kipande kingine kwa soudure. Anasema itakaa mpaka wajukuu.

Tena niko na kichwa kinaniuma juu ya mambo ya nyuma ya gari. Sasa siwezi kuinua gunia, basi niliondoa biti bya kukalia bya nyuma na fundi wa mbao akanitengenezea batiroir, droo kubwa za chini, zenye kukimbia juu ya magurudumu madogo. Navuta kwa mukono moja, sukari inakuja yenyewe. Hapa kwa parcelle, kiwanja ya nyumba, ilikuwa furaha. Juma iliyopita, Lukusa hajagusa pedali bado, Gael akaenda nayo Mutoshi. Kwa mupando wa kilima, tiroir ikajifungua, ikasukuma mulango wa nyuma, na bidhaa ya mama moja wa soko ikabaki kwa barabara. Bacreuseurs, bale bachimbaji ba madini, balikuja kuchota sukari na makofia. Gael alikuja kujua alipofika. Anasema alishangaa tu gari kuwa nyepesi.

Baba, mi nimechoka na batu.

Mutoto wako,
Nafisa


Lubumbashi, 17/12/2023

Nafisa,

Waleikum salaam. Sisi wazima, ingawa barua yako imenikalia kifuani. Mambo ya chumvi ni uongo wa mama yako.

Mwambie huyo Lukusa aweke chini mashine yake kabla hajasoma mustari unaofuata. Chuma cha volan hakichomelewi. Hakichomelewi. Soudure inakaa miezi, unaizoea, unaisahau, halafu siku moja inaachia bila kuaga, na wewe uko kwenye mutelemuko na volan inazunguka mukononi kama sahani. Nimeona gari ya namna hiyo. Sitakuandikia nilichoona ndani yake.

Nimemupa Ntumba chuma kizima cha urefu unaotakiwa. Kimefungwa kwenye gunia. Kimenichukua siku nyingi za kuzunguka kwa marafiki wa garaji, kila mumoja ananiuliza kama nimerudi kazini. Sijarudi kazini na sijakubali jambo lako. Nimetuma tu ili usife.

Kuhusu tiroir, ni nani aliyekufundisha kuweka sanduku lenye magurudumu bila kizuizi? Reli zake ziinamishwe kidogo kuelekea viti vya mbele, ili uzito ujivute ndani wenyewe. Mbele ya kila tiroir weka ndoano ambayo ni lazima uinyanyue kwanza ndipo uvute. Mwisho wa reli weka kipande cha chuma, isichomoke yote ikakuangukia miguu. Mafuta na sabuni chini, karibu na viti. Vitu vyepesi nyuma. Haya hata mutu wa duka anayajua.

Na goti si jina la mutu.

Baba yako,
Abibu


Kolwezi, tarehe 21 mwezi wa 1, 2024

Kwa Baba,

Asalaam aleikum. Habari ya mwaka mupya? Na tension? Kaa chini kwanza.

Muchuma ulifika na uliingia sawasawa. Batiroir nimezirekebisha vile ulisema, sasa hata ukizitukana hazitoki. Volan iko kushoto, kifundo iko kwa volan. Juzi asubuhi nikawasha gari, nikaingiza vitesi ya kwanza na mukono yangu ya kuume, ikaingia vizuri kabisa. Nilikuwa na furaha sana, Baba. Nikakata volan kushoto ili nitoke kwa parcelle.

Gari ikaenda kuume.

Nikakata zaidi kushoto. Ikaenda kuume zaidi. Nilikuja kupata freni wakati tayari ukuta wa jiko ya jirani yangu, mama Angèle, ulikuwa umelala juu ya capot, ile boneti, na chungu yake ya sombe ya majani ya muhogo imemwagika. Mama Angèle hakuumia, alikuwa kwa bomba. Alirudi na ndoo kichwani, akatazama jiko, akatazama mi ndani ya gari. Akaniuliza tu: «Nafisa, nilikufanya nini?»

Lukusa akazunguka gari, akalala chini, akatoka. Akasema: «Mama, inageuza kinyume. Lakini utazoea.»

Nitazoea. Hivyo ndivyo amesema, mbele ya batu bote.

Gael alicheka mpaka akakaa chini. Nimemunyanganya ufunguo, aende kucheka kwa bwana mwingine. Ukuta ninaujenga. Gari imefunikwa na bâche, turubai kubwa, siwezi kuitazama. Usiku ule sikula. Wateja bangu bamebakia babili, na hao babili wanaulizia lini.

Niambie nimekosea wapi. Sitaki kusikia habari ya duka ya shangazi.

Mutoto wako,
Nafisa


Kolwezi, tarehe 25 mwezi wa 2, 2024

Baba,

Asalaam aleikum. Mama amesema mu wazima. Ntumba ameapa barua alikupa mukononi, na ukaisoma ukiwa umesimama.

Sasa ni mwezi muzima. Namuuliza mama, anasema «baba yako ametoka na gari.» Gari gani? Hauna gari. Namuuliza anaenda wapi, anacheka vibaya na kukata.

Kama umekasirika, kasirika kwa barua. Gari ingali chini ya bâche.

Nafisa


Lubumbashi, 20/3/2024

Binti yangu Nafisa,

Waleikum salaam, na Ramadhani njema. Mwili wangu muzima, isipokuwa bega la kushoto, na sababu yake nitakueleza.

Barua yako ilipofika, mama yako aliniuliza: «Wewe unayesema haiwezekani, umejaribu?» Nikamwambia sina haja ya kujaribu ujinga. Akazima taa, akanigeuzia mugongo. Nikashindwa kulala.

Basi niliazima pick-up ya jirani, yenye volan ya kushoto. Mama yako akanifunga mukono wa kushoto kwenye mukanda kwa kitambaa chake cha kichwa, akakaza kuliko ilivyohitajika. Siku ya kwanza nilizimisha moteur katikati ya njia panda, na taksi zote za Lubumbashi zikanitukana kwa zamu. Siku iliyofuata nilijaribu goti. Goti ni uongo, Nafisa. Goti lilinipeleka kwenye mutaro wa maji.

Watu wakaanza kusema Abibu amepooza upande mumoja na hataki kuonyesha. Ijumaa imamu akaja na wazee, wakakaa sebuleni, wakaanza kumupa mama yako pole. Mama yako akawaambia: «Huyu hana ugonjwa. Ana binti.»

Nimeendelea mpaka nimejua. Sikiliza. Vitesi ibadilishwe kabla ya kona, gari ingali imenyooka, wala si ndani ya kona. Ukiingia kwenye kona, mukono wako ni wa volan peke yake. Kifundo kishuke chini kidogo upande wa kuume, bega lisichoke. Kijiti cha taa za kugeukia kiko kushoto, ambako hauna mukono, kwa hiyo kihamishwe, na honi vilevile.

Jambo moja nilikuwa silijui. Kila hatari ilipokuja, mukono wangu uliofungwa ulitaka kutoka. Unavuta, unavuta, kitambaa kinakata. Nikafikiri wako hauvuti tena. Nilisimamisha gari pembeni ya barabara nikakaa kidogo.

Kuhusu kugeuza kinyume: boîte uliyouziwa Kasulo ni ya gari ya volan ya kuume. Yule mutu alikudanganya, na Lukusa hakutazama. Usiguse kitu. Baada ya Idi nitakuja na nyingine. Sijasema ndiyo.

Baba yako,
Abibu


Kolwezi, tarehe 19 mwezi wa 5, 2024

Kwa Baba,

Asalaam aleikum. Natumaini ulifika salama na bega imepona. Mama umusalimie, na umushukuru kwa kitambaa.

Baba, nieleze. Ulikuja, ulilala chini ya gari majuma matatu, uligombana na Lukusa kwa kila bulon na nati mpaka akaanza kukuita «tata», kama baba yake, kwa woga. Ulinizungusha kwa uwanja mpaka nikaota kona. Halafu siku ya safari ya kwanza naamka, naambiwa umepanda bisi ya asubuhi. Hata chai haukunywa. Mama Angèle alikuwa amekukaangia mandazi kwa jiko yake mupya. Nilikasirika, nilipakia gari, nikatoka.

Nilienda Nzilo, kwa ziwa. Nyuma nilibeba sabuni, unga na mafuta, mbele mama moja wa samaki anaitwa Jocelyne. Alitazama mukono yangu, akatazama kifundo, akafunga mukanda mara mbili. Pale barabara inaanza kushuka kwenda kwa maji, nikaingiza vitesi ya pili mapema, gari ingali imenyooka, vile ulinipigia kelele. Nikaingia kona. Kwa kona ile kulikuwa na camion, lori ya madini, imekufa, imelala kwa barabara yote, na chauffeur, dereva yake, na bacreuseurs watatu bamekaa mbele yake kwa kivuli.

Kama ningekuwa nabadilisha vitesi wakati ule, Baba, singekuandikia. Mukono yangu ilikuwa kwa kifundo. Nikakata kuume, gari ikaenda kuume. Tukapita kati ya camion na udongo, kioo ya pembeni ikabaki pale. Hakuna tiroir ilifunguka. Nikasimama mbele. Batu bale balikimbia kuja, na moja akaniuliza kama chauffeur ameumia. Nikamwambia chauffeur ni mi.

Jocelyne alishuka, akatembea kidogo, akarudi. Akasema: «Kesho kutwa unaenda tena?»

Nimeenda mara nyingine sita. Lakini nilitaka uwe pale. Kwa nini ulienda?

Mutoto wako,
Nafisa


Lubumbashi, 2/6/2024

Binti yangu Nafisa,

Waleikum salaam. Sisi wazima. Barua yako mama yako ameisoma kwa sauti, halafu akaisomea majirani, na pale kwenye camion anaongeza maneno yake.

Nilienda kwa sababu nilikaa kwenye kiti cha kuume, alfajiri, kabla haujaamka, ili nijizoeze kuwa abiria. Mguu wangu ulitafuta freni. Lukusa alikwisha itoa pale zamani, na bado mguu ulikuwa unaitafuta. Nikaona nitapiga kelele njia nzima, na wewe utanisikiliza mimi badala ya kusikiliza barabara. Kwa hiyo nikachukua mufuko wangu. Ukitaka kukasirika, haki yako. Kioo cha pembeni ununue chenye fremu ya chuma.

Sasa kuna jambo. Mama yako anataka tusali Idi kubwa Kolwezi. Bisi hataki, anasema kiti kinamuvunja magoti. Ameuliza nani atatupeleka. Nimemwambia kuna dereva mumoja ninayemufahamu, ana maneno mengi, lakini anabadilisha vitesi mahali panapotakiwa.

Basi njoo utuchukue. Mama atakaa mbele nawe. Mimi utanitandikia godoro nyuma, juu ya zile tiroir, nilale nisione barabara. Endesha polepole. Na ukifika usipige honi. Tutakuwa tumekwisha toka, tumesimama nje.

Baba yako,
Abibu